Mwaka wa Kukalia Mikono

Mwezi jana walinipa dakika tatu. Tulikuwa Mabanga, katika ukumbi wa chuo cha wakulima, tumekusanyika kumuaga Nafula baada ya miaka mingi ya kufundisha wasichana kushona. Mshereheshaji, kijana mwenye tai nyekundu, alinipa kipaza sauti akaniinamia sikioni: "Mzee Barasa, dakika tatu tu, bana, keki bado inangoja." Nikamtazama Nafula pale mbele, mama wa watu, mwenye mvi na wajukuu wawili magotini, akicheka kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo akiwa mtoto. Nikasema mimi ni mjomba wake, namshukuru Mungu, nikaketi. Watu wakapiga makofi. Njiani kurudi nyumbani nilijikasirikia sana, kwa sababu kuna mwaka mmoja mzima ambao mimi na yeye peke yetu ndio tumebaki kuukumbuka, na mimi niliutupa kwa sentensi mbili. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani asubuhi hii. Mambo ya nani alizaa nani nitawaachia wengine. Inatosha mjue kwamba vita ya pili ya Wazungu ilikuwa imekwisha miaka michache tu, mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nafanya kazi ya useremala Kitale kwa mtu aliyeitwa Mistri Dalip.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya Wahindi, nyumba ndefu ya mabati iliyonuka gundi na vanishi. Asubuhi za Kitale zina baridi ya kuuma masikio, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuwasha moto wa maranda na kuweka juu yake kopo la gundi upande mmoja na sufuria ya chai upande wa pili, na zaidi ya mara moja tulikosea kijiko. Mistri alikuwa Kalasinga mnene, penseli imechomekwa kwenye kilemba, na alizungumza na mbao zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Mbao ikipinda aliitukana ukoo wake wote. Siku moja aliingia Mzungu mwanamke, mrefu, mwembamba, amevaa buti za mpira na kofia ya kiume, mkononi ana karatasi yenye mchoro. "Mistri, mimi nataka hii," alisema. "Ubao. Tundu arobaini. Tundu kubwa, tundu dogo. Na vijiti ya kuingia." Mistri aliigeuza ile karatasi mara tatu. "Memsabu, hii mchezo ya toto?" Yule mama akasema, "Hapana. Hii ya bwana mzee." Alipotoka, Mistri alinitupia karatasi. "Wewe tengeneza. Hapana uliza. Mzungu ikitaka tundu, sisi nauza tundu."

Niliutengeneza ubao ule kwa siku nne. Sijui kwa nini niliupenda. Kila tundu nililisugua kwa msasa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, na Jumamosi nikaufunga kwenye baiskeli ya Mistri nikaupeleka mwenyewe, kwa barabara ya Suam, mpaka kwenye shamba la kaka yake yule memsabu. Nilimkuta barazani. Mbele yake alikaa mzee wa Kizungu, mkulima wa jirani, ambaye upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umekufa ganzi baada ya kuanguka ghafla mwaka uliopita. Memsabu aliuweka ule ubao mezani, akamwelekeza kwa ishara, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akifanya: aliingiza mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia. Yule mzee alijaribu kuokota kijiti. Kikaanguka. Akatukana. Memsabu hakusogea. Kikaanguka tena, kikabingirika mpaka miguuni kwangu, nami nikainama kukiokota. "Wacha!" alifoka. "Hapana saidia. Yeye najua njia ya chini." Yule mzee akashuka kitini, akanguruma, akakiokota, na jasho likimtiririka akakitia kwenye tundu kubwa kuliko yote. Kisha akamtazama memsabu kama mtu aliyepiga bao.

Nilisahau kwamba nilikuja kuleta mzigo tu. "Memsabu, hii ni mchezo ama ni dawa?" Alinigeukia, na nadhani aliona sikuwa namdhihaki. "Hii kazi," alisema. "Mkono nasahau. Kazi nakumbusha mkono." Kwa Kiswahili chake kile cha mashambani alinieleza kwamba wakati wa vita, huko kwao, alifanya kazi katika hospitali ya askari waliokatika viungo na kuungua, na kwamba kazi yake haikuwa kutoa dawa wala kufunga vidonda, ila kuwafundisha upya kula, kuvaa, kufunga viatu, kushika nyundo. Sikujua kama kazi kama hiyo ipo duniani. Nikiwa nimeshika kofia yangu kifuani nikasema, "Memsabu, dada yangu ana mtoto." Akauliza, "Miaka ngapi?" Nikasema mitano. "Nasikia maneno? Nacheka?" Nikasema anacheka mpaka inakuwa shida. Akasema neno moja tu: "Leta."

Nilipouliza malipo, aliupitisha mkono wake juu ya ubao, kidole kikaingia tundu baada ya tundu. "Wewe natengeneza hii?" Nikasema ndiyo. "Basi pesa hapana. Kila Jumamosi mchana wewe natengeneza vitu yangu. Kiti, meza, kijiko. Mimi nafunza toto. Sawa?" Ilikuwa zaidi ya sawa. Kisha akashusha sauti na kutazama nyuma, kwa sababu kulikuwa na neno la pili: kaka yake hakutaka watoto wa Kiafrika barazani. Barazani ni kwa wageni. Lakini stoo ya mahindi ilikuwa tupu mpaka mavuno, ilikuwa na madirisha mawili, na kaka yake hakuingia humo kamwe kwa sababu panya walimtisha. Alisema hayo kwa aibu. Mimi wakati ule sikuona aibu yoyote, niliona madirisha mawili. Sasa nikiwa mzee naiona ile aibu vizuri zaidi, na naona pia kwamba yeye aliibeba kila siku na bado akaja stoo.

Nafula alikuwa Bumula, nyumbani kwa shemeji yangu Wafula. Akiwa na miaka mitatu alipatwa na homa kali ya kutetemeka, na ilipoondoka iliuacha mguu wake wa kulia ukiburuta na mkono wa kulia umekunjwa ubavuni, kama mtu aliyebana kwapani kuku asiyeonekana. Walikuwa wamempeleka hospitali, daktari akasema homa imekwisha, mrudisheni nyumbani. Walikuwa wamejaribu mizizi na maombi. Na kwa kuwa wote walimpenda, walimfanyia kila kitu. Nyanya yake, mama mzazi wa Wafula, ambaye sote tulimwita Kukhu, alimbeba mgongoni kwenda kila mahali. Dada yangu Nasimiyu alimlisha kwa kijiko na kumvisha. Yeye alikaa kama malkia mdogo, akitoa amri na kucheka. Shida ilikuja pale walipompeleka kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu, Mwalimu Yohana, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wengi na madawati machache. "Mtoto asiyeweza kushika kalamu nitamfanya nini?" aliwaambia. "Mleteni Januari ijayo. Kama anaweza kula mwenyewe, kufunga vifungo vya nguo yake na kuandika herufi moja, mimi sina neno. Kama hawezi, msinisumbue tena." Nasimiyu alirudi nyumbani akalia siku mbili.

Nilipoleta habari za yule Mzungu wa tundu arobaini, Wafula aliuliza swali la mwanamume: watakaa wapi, watakula nini. Kitale si karibu, na huyo memsabu alitaka mtoto mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Ndipo kanisa likaingia. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mwinjilisti alieleza jambo lenyewe, na Kukhu akasimama na jogoo wake mwekundu, jogoo mwenye kelele aliyechukiwa na kijiji kizima, akamtoa anadiwe. Mzee wa kwanza akamnunua, akasema, "Nimemrudishia Bwana," akamnadi tena. Wa pili akamnunua, akamrudisha. Sijui kama ni kwa upendo wa mtoto au kwa kuogopa kwenda na jogoo yule nyumbani, lakini alinunuliwa mara saba, na mara ya saba akamnunua Kukhu mwenyewe, akambeba kurudi naye, wote wawili wakipiga kelele. Nauli ikapatikana, na mahindi, na maharagwe ya miezi kadhaa. Mwezi wa pili, Nasimiyu na Nafula wakaja Kitale.

Chumba niliwapatia kwa Mama Wanjiru, mama Mkikuyu aliyekuwa na kibanda cha mboga sokoni, na aliyekuja Trans-Nzoia na wazazi wake akiwa msichana. Nyumba yake ilikuwa ya mbao na madebe yaliyokatwa na kunyooshwa, vyumba vitatu kwa safu, na kilichotenga chumba na chumba ni magunia yaliyopakwa chokaa, hivi kwamba ukikohoa mtu wa pili anakuambia pole. Kodi aliikataa nusu. Ile nusu nyingine Nasimiyu aliilipa kwa kumsaidia kibandani siku ambazo hakuna kazi ya mtoto. Jioni nilikuwa nakula huko. Mama Wanjiru alipika mahindi na maharagwe na viazi, anaponda na majani ya malenge mpaka inakuwa kijani, na dada yangu alipika ugali na mboga ya kunde iliyotiwa magadi, na wale wanawake wawili, kila mmoja akiamini mwenzake hajui kupika, walibadilishana sahani kila jioni kwa adabu kubwa. Nafula alikula zote mbili na kutoa hukumu. "Ya leo, ya Mama Wanjiru imeshinda," alisema, na Nasimiyu alinuna mpaka kesho yake.

Siku za Jumanne na Ijumaa lori la shamba lilileta maziwa mjini, na likirudi liliwabeba wao wawili katikati ya makopo matupu. Ijumaa ya kwanza nilimwomba Mistri ruhusa nikaenda pamoja nao. Stoo ilifagiliwa, mwanga ukiingia kwa yale madirisha mawili, vumbi la mahindi linang'aa hewani. Nilikuwa nimetengeneza kiti cha mbao ya podo cha kimo cha Nafula, nyayo zake ziguse sakafu, na meza iliyokatwa nusu mwezi imkumbatie tumbo asiegemee upande. Memsabu aliweka mezani sahani yenye ugali na mchuzi, na kijiko ambacho mpini wake aliuzungushia kitambaa ukawa mnene kama gunzi. Kisha akatutazama sisi. "Mama, kalia mikono. Mjomba, kalia mikono." Tukadhani hatukusikia vizuri. "Kalia!" Tukaikalia. Nafula alimtazama mama yake, akafungua mdomo kama kinda wa ndege, akangoja. Hakuna kilichokuja. Akafungua zaidi. "Mama," akasema, "mimi niko tayari." Nasimiyu akaanza kutokwa na machozi, na hangeweza kuyafuta kwa sababu ameikalia mikono. "Memsabu, ataumia njaa." Memsabu akajibu, "Njaa ni mwalimu mzuri. Ngoja."

Tulingoja. Nafikiri ilikuwa robo saa, ingawa mimi ningeapa ilikuwa mchana mzima. Nafula alibembeleza, akatoa amri, akaimba, akalia, akanyamaza. Kisha kwa hasira alikipiga kile kijiko kwa mkono wa kulia, ule uliokunjwa, kikazunguka mezani. Memsabu alisogea mbele kwenye kiti chake. "Tena," akasema. Nafula akakipiga tena. Mara ya tano vidole viwili vilifunguka kidogo, vikakwama kwenye kile kitambaa. Alipofika kwenye sahani, ugali ulikuwa umepoa, na ulioingia mdomoni ulikuwa kidogo kuliko uliokwenda kwenye nywele. Lakini aliumeza, akatutazama sisi wawili tuliokaa kama wafungwa, akasema, "Mjomba, ona. Nimejilisha." Nimeona mambo mengi tangu siku ile, uhuru wa nchi ukiwamo. Sikumbuki nikiwa na furaha kama ile ya kukaa kwenye gunia, mikono imekufa ganzi chini yangu, nikimtazama mtoto mwenye ugali kichwani.

Wafanyakazi wa shamba walimpa memsabu jina, Mama Vidole, na sisi tukalichukua. Alikuwa mkali na alikuwa mcheshi, na hakumwonea Nafula huruma hata dakika moja, jambo ambalo Nafula alilipenda kuliko sisi tulivyofikiri. Kila wiki kulikuwa na kazi mpya. Kupukuchua mahindi. Kuokota maharagwe kutoka bakuli hadi bakuli. Kufunga vifungo vya koti kuukuu la kaka yake, vifungo vikubwa kwanza, kisha vidogo. Nami Jumamosi nilitengeneza alichohitaji, kwa ajili ya Nafula na kwa wagonjwa wake wengine: fremu za kufumia, ngazi ya hatua tatu, kiatu cha mbao cha kujifunzia kufunga kamba. Mbao zilikuwa vipande alivyobakisha Mistri. Yeye alijifanya haoni vikipungua. Siku moja alishindwa kujizuia, akaja mwenyewe akasimama nyuma yangu nikitengeneza kiti. "Mguu hii mfupi," akasema. Nikamwambia ni makusudi, ndivyo Mama Vidole alivyotaka, mguu ule wa mtoto ni mfupi, kiti kishuke upande huo ufike chini. Kisha akaondoa penseli kwenye kilemba, akachora mstari mahali bora zaidi. "Hapa. Hapo itapasuka." Toka siku hiyo vipande vilivyobaki vilianza kuwa vizuri mno, vingine havijawahi kuguswa na msumeno.

Kufikia Juni maharagwe ya kanisa yalikuwa yamekwisha. Nasimiyu hakuniambia. Nilijua jioni moja nikiwa nimelala kwenye mkeka nikisikia mazungumzo upande wa pili wa gunia. Wanawake wa kikundi chake cha maombi walikuwa kwa Mama Wanjiru, na mmoja alisema, "Si huyo mama arudi tu kwao? Mtoto ameshaanza kula, inatosha." Mama Wanjiru akamjibu, "Wewe ulipokuja hapa na mimba na gunia moja ya nguo, nani alisema inatosha?" Kisha sauti nyingine ikauliza, "Ile pamba ya kondoo anaachwa nayo huyo mtoto, anafanya nini nayo?" Ilikuwa sufu. Mama Vidole alikuwa akimpa Nafula sufu mbichi ya kondoo wa kaka yake aichambue kwa vidole, mkono wa kulia ushike, wa kushoto uvute, na akimaliza alimwambia abaki nayo. Kulikuwa na gunia zima chini ya kitanda. Kesho yake wanawake wale wakalitoa. Mmoja alijua kusokota, alikuwa amejifunza kwa bibi wa mkulima mmoja. Mama Wanjiru alijua kufuma. Mwezi ule Kitale kulikuwa na mvua na baridi kali, na soksi za watoto wachanga kutoka kibanda cha mboga zikawa sifa ya soko. Mpaka wauguzi wa hospitali ya Wazungu walituma watu wazinunue. Nafula aliambiwa kwamba chakula anachokula sasa amekilipia mwenyewe kwa kuchambua sufu. Akawa hashikiki. Alimwambia Mama Wanjiru, "Basi kesho tupike wali."

Oktoba mahindi yakaiva, na stoo ikatakiwa. Tulijua siku hiyo itakuja, na bado ilitukuta hatuna la kufanya. Kaka wa Mama Vidole alisema hana nafasi nyingine, na barazani ni vile vile. Mama Vidole alikuja na Nasimiyu na Nafula mpaka karakana kwenye lori, uso mwekundu, nadhani walikuwa wamegombana. Alisimama kati ya vitanda na kabati tulizokuwa tukitengeneza. Nafula hakungoja. Aliburuta mguu mpaka kwenye benchi la Mistri, akapanda kwenye kisanduku, akachukua msasa kwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa bado vimejikunja, lakini msasa ni kitu kinachotaka mkono uliokunjwa. Akaanza kusugua ubao. Mistri alimtazama kwa muda. "Hii naharibu mbao yangu," alisema. Kisha, "Hapana namna hiyo. Fuata mstari ya mti." Na kumgeukia Mama Vidole: "Memsabu, Jumanne, Ijumaa, mimi nafagia hapa. Chai iko. Kopo ya gundi hapana kunywa." Hivyo ndivyo karakana ya Kalasinga ilivyokuwa hospitali. Wateja walioingia kuulizia vitanda vyao walikuta mtoto akifunga vifungo, Mzungu akiwa amekalia mikono, na Mistri Dalip, mwanamume mnene mwenye hasira, naye ameikalia ya kwake, akinong'ona, "Shika. Shika, mama. Haya, shika."

Mwezi wa kumi na moja Mama Vidole alituambia jambo ambalo hatukulitaka. Mkono wa kulia umefika mbali, alisema, na utafika mbali zaidi, utashika, utasaidia, utasalimia watu. Lakini kalamu hautaiweza, si Januari, pengine kamwe. Nafula ataandika kwa kushoto. Aliweka karatasi mezani, akaweka ngumi ya kulia ya Nafula juu yake iishikilie isiteleze, akampa penseli mkono wa kushoto, na Nafula akachora mistari minene mizuri kama aliyekuwa akiingojea ruhusa. Nasimiyu alinitazama. Sote tulijua Bumula watasema nini.

Krismasi tulirudi nyumbani, na Wafula alisema hasa tulichoogopa. Alifurahi kumwona mtoto akitembea, akila, akifunga vifungo. Alizunguka naye boma zima. Kisha akaona penseli. "Kushoto?" alisema. "Mtoto wangu? Awape wazee chakula na kushoto? Watu watasema hatukumlea. Huyo Mzungu wenu amejenga nyumba nzuri, halafu akaweka mlango nyuma." Nikaeleza, nikaeleza tena. Nasimiyu akaeleza. Wafula alikaa pale jikoni anatikisa kichwa, anakula viazi vitamu ambavyo mama yake alikuwa akimenya na kumtupia sahanini. Kukhu alimtupia kipande kipya. "Wafula," alisema sasa, "hivyo viazi ni nani anamenya?" Akajibu, "Si ni wewe, mama." Kukhu akauliza, "Na mkono gani?" Wafula akatafuna, akatazama, akaacha kutafuna. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. "Miaka thelathini unakula kwa mkono huu," Kukhu alisema, akiendelea kumenya. "Nikiwa msichana nilichapwa mpaka nikaficha. Mbele ya watu natumia huu wa kulia. Hapa jikoni hakuna mtu anatazama." Hata mimi, niliyekula kwake mara nyingi, sikuwa nimeona. Wafula alikigeuza kiazi mkononi. Mwisho akasema, sauti imelegea, "Lakini salamu atatoa na wa kulia." Kukhu akamtupia kiazi kingine. "Salamu ni ya kulia. Kalamu ni ya kushoto. Kula."

Mistri alinipa siku nane nimsindikize Nafula shuleni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mfanyakazi yeyote. Mwalimu Yohana alitupokea kwenye meza yake chini ya paa la nyasi, akampa Nafula ndizi. Nafula aliimenya, akaila. Akafungua vifungo vitatu vya nguo yake na kuvifunga tena, polepole, ulimi nje, huku sisi watu wazima wanne tukiwa tumekaa kwenye benchi juu ya mikono yetu bila kuambiwa na mtu. Kisha akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, akaegemeza ule wa kulia juu ya kibao kisiteleze, akaandika N kubwa iliyopinda. Mwalimu aliinua nyusi. "Hapa shuleni tunaandika na mkono wa kulia." Nilifungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Wafula. "Mwalimu, ulituambia aandike herufi moja. Mkono hukutaja." Mwalimu Yohana alimtazama Wafula, akaitazama ile N, akaitazama orodha yake ya majina. Midomo yake ilianza kucheza. "Kweli," akasema. "Sikutaja." Na akaandika jina la Nafula.

Mimi na Nafula sote tulipata kazi yetu ya maisha mwaka ule, ingawa hatukujua. Mama Vidole alirudi kwao Uingereza miaka michache baadaye, lakini kabla ya kuondoka alikuwa amenipeleka kwa watu wa hospitali mbili, akawaambia huyu ndiye anayetengeneza viti. Nimetengeneza viti vya watoto kwa miaka arobaini, na kila mzazi aliyekuja kuchukua kiti nimemfundisha kukaa anavyopaswa kukaa. Nafula alishona kwa kushoto, kitambaa kikishikiliwa na kulia, na wasichana aliowafundisha wamejaa wilaya nzima.

Lakini siku niliyotaka kuwasimulia pale Mabanga ni Alhamisi ya wiki ile ya kwanza ya shule, kabla sijarudi Kitale. Mtoto alikuja mbio kutuambia Mwalimu Yohana anamtaka mama yake Nafula mara moja. Tulikimbia, Nasimiyu akiwa na unga mikononi, tukiamini ameanguka, au ameanza ile homa tena. Tulimkuta amesimama kando ya meza ya mwalimu, amenuna, nguo ina vumbi, na karibu naye mtoto wa mwinjilisti akilia. "Mama," Mwalimu alisema kwa ukali, "binti yako amempiga mwenzake. Walikuwa wanagombea chaki." Nasimiyu alisimama. "Mwalimu," akauliza taratibu, "amempiga na mkono gani?" Mwalimu hakuelewa swali. "Mkono gani? Yote miwili! Wa kushoto ulimshika shati, na huu wa kulia ndio ulipiga." Dada yangu aliketi pale pale chini, kwenye vumbi, akafunika uso kwa mikono yake yenye unga, mabega yakitikisika kwa kicheko na machozi. "Mama, hili si jambo la kucheka," alisema Mwalimu Yohana. "Ndiyo, Mwalimu," alisema Nasimiyu. "Mchape tu. Lakini kwanza, tafadhali, nieleze tena, polepole."